Kiu ya Msimu wa Tano

Kiogora hakuwa na hati ya shamba. Hakuwa na ng'ombe wa gredi, wala redio, wala koti la pili. Hakuwa na mtoto wa kiume. Mungu alimpa binti mmoja, Ntinyari, naye alikuwa ameolewa mbali, upande wa Embu. Hakuwa na adui ila mmoja, na huyo walinyonya ziwa moja. Tena hakuwa na daktari, ingawa hilo halikumjia akilini hata siku moja kuwa ni upungufu. Kwa watu wa kigongo chake cha mlimani, daktari alikuwa mtu wa kupelekewa mgonjwa juu ya machela, na machela hiyo ilirudi ama tupu ama imefunikwa shuka.

Alichokuwa nacho ni neno lake. Wapimaji wa ardhi walipofika na minyororo yao, yeye na mdogo wake Mbae waligombania kipande cha shamba kinachoteremka kutoka kwenye kahawa hadi kijitoni. Mbae alisema kaka yake amesogeza mayungiyungi ya mpaka. Wazee walikaa, wakala, wakakaa tena, wakashindwa kuamua. Mwishowe Kiogora alisimama mwenyewe akasema, "Leteni nthenge."

Basi wakaleta beberu wa kiapo, mweusi asiye na doa. Kiogora akampiga kwa jiwe, mfupa baada ya mfupa, mbele ya macho ya watu, huku akisema: "Kama nilisogeza mpaka, nami nivunjike hivi." Toka siku hiyo ilikuwa ni kungoja misimu saba ya mvua. Akiimaliza akiwa mzima, shamba ni lake. Akifa au akikonda, kila mtu amejua. Na katika kungoja huko haikufaa kabisa kutafuta tiba. Mzee Marete, aliyeongoza kiapo, alimwambia waziwazi: "Atakayekunywa dawa amekimbia. Na aliyekimbia ameshindwa."

Mbae alihamia Mitunguu kulima migomba ya maji ya mfereji, akangoja akiwa huko.

Misimu minne ilipita Kiogora akipalilia na kucheka. Wa tano ulikuja na kiu.

*

Aliyewaona sisimizi kwanza ni mkewe, Ciakuthii. Alitoka alfajiri kumkatia ng'ombe majani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kahawa, akaona mstari mweusi mwembamba ukitoka kwenye ua, ukapita chini ya mibuni, ukaishia kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba. Hapo chini ya mgomba walikuwa wamejaa hata udongo hauonekani. Hawakubeba kitu. Hapakuwa na mzoga wala tunda lililooza. Walisongamana tu, kama watu waliofika matangani wasijue waketi wapi.

Ciakuthii alijua mumewe hukojoa pale anapoamka.

Alileta jivu la moto akawamwagia. Kesho yake wakawa kwenye mgomba wa pili, kwa sababu Kiogora alikuwa amehamia mgomba wa pili. Akawamwagia jivu na hao. Siku iliyofuata aliingia nyumbani kuchukua suruali ya mumewe aifue, akaikuta pale kwenye msumari ikitembea. Aliangalia vizuri. Suruali haikutembea, ni wao waliokuwa wakipanda na kushuka mguuni mwake, kimya, kama wanaosoma.

"Baba Ntinyari," alimwambia mchana walipokuwa wakichuma kahawa, "wadudu wanakufuata."

"Wadudu gani?"

"Unawajua."

Kiogora aliendelea kuchuma. Kweli aliwajua. Alikuwa akiwaona kwa siku nyingi, akijikung'uta na kutazama kando. "Ni kiangazi. Wanatafuta maji."

"Maji yapo kijitoni. Mbona hawaendi kijitoni?"

"Wewe mwanamke, unataka niwaulize?"

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, kisha kila mmoja akashika tawi lake. Baada ya kitambo Ciakuthii akasema polepole, bila kumtazama, "Na suruali nimeikaza kiunoni mara mbili."

"Basi ikaze ya tatu. Na nipe maji."

Alimpa kibuyu. Alikunywa hadi maji yakamtiririka shingoni, akakirudisha kitupu, na macho yake yalikuwa bado yanakiangalia.

*

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine hangelifanya. Mgonjwa wa kawaida huuliza, naumwa nini? Kiogora aliuliza, naonekanaje? Mwili wake ulikuwa ushahidi barazani, na ushahidi ulikuwa ukipungua.

Kwa hiyo Ciakuthii alianza kumnenepesha. Aliuza kuku akanunua sukari. Chai ya asubuhi aliikoroga hadi kijiko kikasimama. Uji wa wimbi aliutia asali. Alimwekea ndizi mbivu kando ya kitanda, na miwa iliyochongwa, na alipokwenda mjini Nkubu alirudi na chupa za soda chini ya kanga kama mtu anayeficha pombe. "Kunywa, baba. Mwili urudi." Kiogora alikunywa. Na kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na nyama ikazidi kumwacha, na sisimizi wakaongezeka hadi wakawa wanamngoja mlangoni kabla hajaamka.

Akivaa, alivaa mashati mawili na koti juu, hata jua likiwa utosini. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Majirani walianza kuja kusalimia bila sababu. Walisimama uani wakisema, "Muga, Kiogora, muga mono," na macho yao yakishuka shingoni, yakipita kwenye mifupa ya bega, yakifika kwenye vifundo vya mikono, yakirudi juu. Zilikuwa salamu za kupima.

Jumapili moja alikuja Mzee Marete, na nyuma yake Mbae, amevaa kofia mpya. Mbae hakukaa. Ndugu waliotenganishwa na nthenge hawaketi kiti kimoja wala hawasemezani juu ya jambo lenyewe.

"Tulikuwa tukipita," Mzee Marete alisema.

"Mnapita mkienda wapi? Njia inaishia hapa."

"Ndiyo maana tumefika."

Ciakuthii alileta chai. Kabla haijapoa Kiogora alitoka nyuma ya nyumba, akarudi. Wakazungumza bei ya kahawa. Akatoka tena. Aliporudi, Mbae alikuwa akiangalia ukuta huku akitabasamu kidogo, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Kahawa imekuwa na kazi nyingi huko nyuma," Mbae alimwambia mzee.

Kiogora alitamani kutoka kwa mara ya tatu. Alikaza mapaja, akakaza meno, akaendelea kusimulia habari za kiwanda cha kahawa hadi wageni walipoaga. Hawakuwa wamefika langoni alipohisi joto likimteremka miguuni. Ciakuthii aliona. Alichukua chai iliyobaki akaimwaga haraka juu ya suruali ya mumewe na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Pole baba, nimekumwagia!"

Ulikuwa wema ambao mwanamume hawezi kuushukuru. Hakumshukuru.

*

Baadaye ukungu ulianza kumjia machoni hata mchana. Akisimama kwenye kahawa aliona watu wamesimama mpakani, kwenye mayungiyungi, warefu, bila nyuso. Aliwaita. Hawakuitika. Akisogea waligeuka kuwa mashina. Ciakuthii naye alianza kunusa harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi ndani ya nyumba, akapekua kila kapu asipate hata ganda. Siku moja aliinama kumfunika mumewe aliyekuwa amesinzia kitini, akagundua inatoka wapi. Ilikuwa pumzi yake.

Jioni hiyohiyo, kabla giza halijaingia, walikuwa wameketi jikoni kwenye mafiga matatu. Kiogora alinyoosha miguu, akafumba macho, akatabasamu.

"Leo unatuchomea nyama? Kumbe una mambo."

"Nyama gani?" Ciakuthii alikuwa akimenya viazi. "Tumechinja nini?"

"Nasikia harufu ya nyama inaungua."

Naye akaisikia. Aligeuka akatazama chungu, akatazama darini, kisha akatazama chini. Mguu wa kushoto wa mumewe ulikuwa umeegemea kaa la moto, na ngozi ilikuwa ikitoa moshi. Kiogora bado alikuwa akitabasamu.

Ciakuthii alipiga yowe akauvuta mguu. Kiogora aliutazama kama unaotoka kwa mtu mwingine. Aliugusa kwa kidole. "Hauumi," alisema. Akarudia kwa sauti ndogo, "Mama Ntinyari, hauumi."

Wote wawili walikumbuka mifupa ya beberu.

Ciakuthii ndiye aliyesema kwanza. "Kesho tunakwenda kwa daktari."

"Nikienda, wamepata. Marete alisema."

"Wewe ulisogeza mpaka?"

"Unaniuliza wewe?"

"Nakuuliza mimi. Tuko peke yetu."

"Sikusogeza hata upana wa kidole. Baba aliyapanda yale mayungiyungi mimi nikimshikia jembe."

"Basi kama hukusogeza, hiki si kiapo. Kama si kiapo, ni ugonjwa. Na ugonjwa una mtu wa kuendewa."

"Na watu?"

"Ukienda hospitali watasema umekimbia kiapo. Ukienda kaburini watasema nini? Watasema Kiogora aliapa uongo, na mimi nitafukuzwa hapa nikiwa na hicho kibuyu. Afadhali mtu aliyekimbia, kuliko mwongo aliyezikwa."

Kiogora alikuwa akiwaangalia sisimizi. Walikuwa wameingia jikoni, na safari hii hawakwenda kwenye suruali. Walikwenda kwenye mguu.

*

Waliaga kigongo kwa kusema wanakwenda kumuuzia Idrisi mbuzi. Idrisi alikuwa na bucha Nkubu, mtu wa mjini hasa, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kunyooka ambacho wakulima walipenda kukisikiliza hata kama hawanunui nyama.

"Mzee Kiogora! Mbuzi huyu na wewe, nani anamuuza mwenzake?" Kisha akaona mguu uliofungwa kitambaa, akaona namna rafiki yake alivyolikodolea macho pipa la maji, na mzaha ukamtoka. Alijaza kata akampa. Akajaza ya pili. Ya tatu akaishika. "Tangu lini hii?"

"Kiangazi tu."

"Kiangazi kiko nje, mzee. Hiki kiko ndani. Nenda mlango wa tatu, wa buluu. Huyo daktari ndiye anayetutibu sisi hapa wote, mimi na Rahema na watoto. Ananijua hata nikipungua ratili moja. Pitia huku nyuma, hakuna atakayekuona."

Daktari aliitwa Ndambiri, Muembu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya mtu asiye na haraka. Alimpa Kiogora kichupa akamwambia aende msalani. Kiogora alisimama nacho mkononi.

"Mkojo?"

"Mkojo, mzee."

"Wa nini? Unataka kuupeleka wapi?"

"Hauendi popote. Utauona kwa macho yako."

Kilichofuata Kiogora hakukisahau. Daktari alitia dawa ya buluu katika kioo chembamba, buluu safi kama anga ya Januari, akadondosha matone machache ya ule mkojo, akakishika juu ya moto wa spiriti. Maji yalichemka. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa manjano. Kisha, pole kwa pole, kutoka chini kwenda juu, ikawa nyekundu kama tofali, nzito, na Ciakuthii akajikuta ameshika mkono wa mumewe mbele ya mtu baki.

"Ni damu?" aliuliza.

"Ni sukari, mama. Imejaa mwilini mwake, inatoka na maji, na maji yakitoka yanataka mengine. Ndiyo kiu. Hao wadudu hawamfuati yeye, wanafuata sukari."

"Hatujamwambia habari ya wadudu," Kiogora alisema kwa hofu, akimgeukia mkewe.

"Sikuambiwa. Kila anayekuja na rangi hii ana wadudu nyumbani. Mnampa nini kula?"

Ciakuthii alimwambia. Alitaja chai, uji, asali, miwa, soda. Kila alilotaja lilitoka kwa taabu kuliko lililotangulia, maana uso wa daktari haukubadilika, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Nilikuwa namlisha afe," alisema.

"Ulikuwa unamlisha apone. Hukuwa na wa kumuuliza, basi." Daktari alifungua kitambaa cha mguu, akavibonyeza vidole. "Mzee, kiu ilianza lini?"

"Kabla ya mvua iliyopita."

"Ungekuja wakati huo, ungerudi nyumbani na vidonge na maneno machache. Sasa nitakupeleka ulazwe, na hivi vidole viwili siahidi kuviokoa. Kwa nini hukuja?"

Kiogora alimweleza habari ya nthenge. Alitegemea Muembu msomi acheke. Ndambiri hakucheka. Alivua miwani.

"Hata kwetu wanapiga nthenge. Sitakuambia lolote juu ya kiapo chako, hicho sikusomea. Lakini niambie, baba yenu alikufa kwa nini?"

Kiogora alifungua kinywa kujibu kwamba alirogwa, kama walivyosema siku zote. Badala yake alimwona baba yake kijitoni, amepiga magoti na kuweka mikono chini kama mnyama, akinywa. Akaona nyumba ya mama yake, na mama ameinama na ufagio asubuhi, akifagia kitu cheusi kizingitini, akifagia na kulia. Baba yake hakuwahi kumwapia mtu. Kigongo kizima kilimwita Mpole.

"Kwa kiu," alisema.

"Ndugu zako wapo?"

"Mmoja."

"Mwambie aje kabla hajaumwa. Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa nyumba. Aliyebebwa kwa machela ananikuta nimechelewa, hata kama nimefika kabla yake."

*

Walikata vidole viwili. Kiogora alirudi nyumbani na fimbo, mfuko wa vidonge, na chai isiyo na sukari ambayo aliinywa kama adhabu. Sisimizi walipungua, kisha siku moja hawakuja. Ciakuthii alizunguka migomba yote akiwatafuta, na kutowaona kukamtisha kidogo, kama kuwaona kulivyomtisha.

Mzee Marete alifika. Alitazama mguu kwa muda mrefu.

"Watu wanasema ulikwenda kwa dawa."

"Nilikwenda kuuza mbuzi," Kiogora alisema. "Nikakanyaga moto."

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mzee yule. Uongo ulitoka laini sana. Marete alitikisa kichwa akaondoka, na Kiogora alikaa pale kwenye kigoda mpaka kivuli cha nyumba kikamfunika. Alikuwa ameapa kweli na nusura afe; sasa amesema uongo, na mwili unarudi.

Msimu wa sita ulikuwa ukiisha Ciakuthii aliporudi kutoka soko la Gakoromone na kuweka kapu chini bila kulifungua.

"Nimekutana na Lenah."

Lenah alikuwa mke wa Mbae.

"Anasemaje?"

"Hasemi. Analia. Mbae amekonda. Usiku hakai kitandani, na maji anakunywa kwa debe. Huko Mitunguu wanasema nthenge imemgeukia aliyedai kwa uongo. Naye mwenyewe ameamini. Amejifungia ndani, amekataa hata kutazamwa." Alikaa. "Lenah anampa maji ya miwa apate nguvu."

Nje mvua ya mwisho ilikuwa ikinyesha juu ya migomba. Kiogora alisema, "Lazima aambiwe."

"Na nani? Wewe ndugu yake wa nthenge, hamruhusiwi. Tena utamwambia ulijuaje?" Ciakuthii alishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Baba Ntinyari, umebaki msimu mmoja. Mmoja. Nyamaza tu. Hatumfanyi kitu. Tumenyamaza tu, basi, na shamba ni letu, na watu wote watasema uliapa kweli. Na si uliapa kweli?"

Alimtazama mkewe. Ndiye aliyemvuta kutoka kaburini kwa mikono yake, na sasa alikuwa amekaa na mikono hiyo mapajani, haitikisiki. Hakumkasirikia. Wazo hilo yeye mwenyewe alikuwa amelifikia kabla yake. Lilikuwa limeingia mara alipotaja debe, likiwa limevaa uso wa haki. Na lilikuwa tamu.

"Nipe karatasi," alisema.

Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na herufi zake zilikuwa kubwa, kila moja imesimama peke yake. Aliandika akizitamka kwa midomo:

*Mbae. Nimesikia kiu yako. Hata mimi ninayo, na baba alikuwa nayo. Nenda Nkubu kwa Daktari Ndambiri, mlango wa buluu karibu na bucha la Idrisi. Nenda sasa ukiwa unatembea. Usile miwa, usinywe chai ya sukari. Mwambie sisi ni wa baba mmoja. Mimi nilikwenda msimu wa tano, nikanywa dawa, na ninakunywa hata leo. Niliwadanganya wazee kwamba ni moto. Barua hii waonyeshe ukitaka. Lakini kwanza nenda. Ni mimi kaka yako, Kiogora.*

Ciakuthii hakujua kusoma. "Umemwandikia kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na ile ya dawa?"

"Asiponiamini kwa hiyo, ataniamini kwa nini?"

Ciakuthii aliinuka akachota uji kidogo chunguni kwa ncha ya kidole, akampa, maana gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Kiogora aliipaka, akaibana kwa kiganja hadi ikashika.

Asubuhi, siku yake ya kufungwa kidonda, alishuka Nkubu kwa fimbo. Bahasha ilikuwa na anwani ya shule ya msingi ya Mitunguu, ambako barua za kijiji hufikia. Mbele ya posta Mzee Marete alikuwa amesimama kibarazani akijikinga mvua, akamwona, akaona bahasha.

"Muga, Kiogora. Unamwandikia nani?"

"Mbae," Kiogora alisema, akaisukuma ndani ya sanduku mpaka vidole vikagusa chuma, akaiachia.